Watawa Wanyamavu wa Mariannhill

Leo twapenda kuwasimulia habari za watu waliozoea kunyamaza, wakaingia katika kazi ihitajiyo maneno mengi.

Watu hao walikuwa watawa Watrapisti. Kanuni yao iliwaamuru kuamka usiku kwa sala, kutokula nyama, kulima kwa mikono yao, wala kutosema ila kwa haja. Mwishoni mwa mwaka 1882 mkuu wao, Franz Pfanner, mzaliwa wa Austria, aliwafikisha Natal, Afrika ya Kusini. Akanunua shamba karibu na Pinetown, akapaita Mariannhill. Mwaka 1885 pakawa abasia, naye akawa abati wake wa kwanza.

Jembe ndilo lililotangulia. Baadaye zikafuata karakana za seremala na wahunzi, kazi ya ngozi, kinu, na mtambo wa kupiga chapa. Vijana wa Kizulu wakafundishwa kazi hizo pamoja na kusoma; na mwaka 1885 Pfanner akaanzisha shirika la masista, ili wasichana nao wapate walimu. Lakini tusifiche neno: ardhi ile ilinunuliwa chini ya serikali ya kikoloni, na wenyeji waliokaa juu yake walikuwa wapangaji, wakatakiwa kushika sheria za misheni.

Sisi tulio walimu twaifahamu shida iliyozuka. Ni nani awezaye kumfundisha mtoto kupiga randa pasipo kufungua kinywa? Na mtawa aliyetumwa kituo cha mbali, pamoja na wenziwe wachache, atatimizaje saa zote za sala ya pamoja, hali wanafunzi wangoja mlangoni? Pfanner aliwaelekea wanafunzi. Wakuu wa shirika hawakuridhika; mwaka 1892 akasimamishwa, akajiuzulu mwaka uliofuata, akaenda kuishi katika kituo kidogo cha Emaus.

Mwaka 1909 Papa Pius wa Kumi aliitenga Mariannhill na Watrapisti, ikawa shirika la wamisionari. Mwezi Mei wa mwaka ule ule Pfanner akafariki.

Miongoni mwa waliobaki alikuwamo padre Bernard Huss, aliyeingia pale angali Mtrapisti. Katika miaka ya 1920 mtawa huyo wa ukimya alikuwa akizunguka huku na huko akiwahutubia wakulima Waafrika juu ya rutuba ya udongo, na jinsi ya kuunda vyama vya akiba na mikopo.