Kondoo wa Mwituni Warudi Korongoni

Juma hili tuitafakari historia ya mnyama aliyetoweka katika makao yake, kisha akarudishwa kwa gharama ambayo wengi hawakuitazamia.

Magharibi mwa Marekani, Mto Snake unapopita kati ya Idaho na Oregon, lipo korongo ambalo kina chake, kutoka kilele cha juu hadi mtoni, kinazidi mita 2,400. Kwa Kiingereza huitwa Hells Canyon, yaani Korongo la Jehanamu. Lakini kwa kondoo wa mwituni wenye pembe kubwa zilizojikunja, majabali yale yalikuwa ngome, kwani ni maadui wachache walioweza kuwafuata huko. Watu wa kabila la Nez Perce waliwawinda tangu kale, nao walisifika kwa pinde walizotengeneza kwa pembe za wanyama hao.

Karne ya 19 walowezi waliingia na bunduki, na makundi makubwa ya kondoo wa kufugwa yakafuata. Uwindaji, kupungua kwa malisho na maradhi ya mifugo vikawamaliza kondoo wa mwituni. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 hakusalia hata mmoja.

Mwaka 1971 Jimbo la Oregon lilianza kuwarudisha, likiwaleta wengine kutoka Jasper, nchini Kanada. Idaho na Washington zikafuata. Makundi yakaongezeka, lakini chanzo cha maangamizi kilikuwa hakijaondolewa. Katika majira ya baridi ya 1995 hadi 1996, nimonia iliua kondoo wapatao 300. Wakubwa waliosalia walipopona, wanakondoo waliendelea kufa mwaka baada ya mwaka.

Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba ugonjwa huo huanzishwa na bakteria aitwaye Mycoplasma ovipneumoniae, ambaye kondoo na mbuzi wa kufugwa huweza kumbeba bila kuonekana wagonjwa. Ilibainika pia kwamba majike wachache waliopona hubaki naye puani na kuwaambukiza watoto. Majike hao walipotambuliwa na kuondolewa, wanakondoo wa makundi kadhaa walianza kusalimika.

Ilibaki dawa iliyo chungu zaidi, nayo ni kuwatenganisha kondoo wa mwituni na wa kufugwa. Mwaka 2010, Msitu wa Taifa wa Payette, huko Idaho, uliamua kupunguza sana malisho ya kondoo wa kufugwa. Kwa familia zilizoishi kwa malisho hayo, uamuzi huo ulikuwa pigo. Wafugaji hao hawakuwa wao waliolifanya korongo kuwa tupu, bali walirithi deni la waliowatangulia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuongeze kwamba anayeujenga ukuta mara nyingi si yule aliyeuacha ufa. Kwa hiyo, tunapodai kwamba kilichoharibiwa kirudishwe, na tuulize pia ni nani atakayeubeba mzigo huo, na nani atakayemsaidia kuubeba.