Kuungua mara kwa mara kwa fyuzi ya gari

Kuungua mara kwa mara kwa fyuzi ya gari ni hitilafu ya umeme ambapo fyuzi ya sehemu moja ya gari, kwa mfano ya taa za nyuma au ya honi, hukatika tena kila inapobadilishwa. Kwa kawaida fyuzi yenyewe haina kosa. Hukatika kwa sababu mkondo unaopita katika waya umezidi kiwango, na hilo hutokana na mambo mawili: shoti, yaani waya wa chanya kugusa bati la gari, au vifaa vilivyofungwa kutumia umeme mwingi kuliko ule uliokadiriwa.

Hitilafu hii huonekana sana katika pikapu zinazofanya kazi vijijini, zikiwemo zile zinazobeba magunia ya alizeti, mbuzi na abiria katika Wilaya ya Chemba, Mkoa wa Dodoma, nchini Tanzania.

Kazi ya fyuzi

Fyuzi ni ukanda mwembamba wa metali unaoyeyuka mkondo unapozidi kiasi kilichoandikwa juu yake. Wengi hudhani inalinda taa au redio. Kwa kweli inalinda waya: bila fyuzi, waya wenye shoti hugeuka kuwa kama koili ya jiko la umeme, plastiki yake huwaka, na moto husambaa nyuma ya dashibodi mahali ambapo dereva hawezi kuufikia.

Thomas Edison alipata hataza ya fyuzi mwaka 1890 kwa ajili ya mitambo ya kusambaza umeme. Magari ya zamani yalitumia fyuzi za bomba la kioo. Tangu miaka ya 1970 zimeenea fyuzi bapa za plastiki zenye miguu miwili, ambazo rangi yake huonyesha kiwango: kahawia ni ampea 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25 na kijani 30.

Mazingira ya Chemba

Chemba ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kondoa hadi mwaka 2012. Barabara kuu ya lami kutoka Dodoma kwenda Babati hupita wilayani humo, lakini anayekwenda Farkwa au Kwamtoro huiacha lami na kufuata njia za vumbi, mawe na makorongo. Huko ndiko nyaya zinakoumia. Waya wa taa za nyuma hupita chini ya gari kando ya chasisi, na vibano vyake vikishalegea, kila shimo huufanya usuguane na ukingo wa bati. Plastiki ya juu huisha kidogo kidogo mpaka shaba ibaki wazi. Shoti ya namna hii huja na kwenda: gari likisimama kwa fundi halionyeshi kosa, likirudi kwenye makorongo fyuzi inakatika.

Panya nao wana sehemu yao. Gari lililolala na mabaki ya mbegu ndani huwavuta, na wakishaingia hutafuna pia plastiki ya nyaya. Sehemu nyingine za kuangaliwa mapema ni vishikizo vya balbu vilivyopata kutu, plagi ya tela iliyojaa matope, na waya wa taa ya rivasi unaopita karibu na bomba la moshi. Kama fyuzi inayokatika ni ya soketi ya kuchajia simu, soketi hiyo ichunguzwe kwa tochi kabla ya kufungua chochote. Mara nyingine ni sarafu tu iliyotumbukia ndani.

Kutambua chanzo

Swali la kwanza ni lini fyuzi inakatika. Ikikatika palepale inapochomekwa, kuna shoti katika waya unaopata umeme wakati wote. Ikikatika dereva anapokanyaga breki au kuingiza gia ya rivasi, shoti iko baada ya swichi ya kifaa hicho. Ikikatika kwenye mashimo tu, kuna waya unaosuguana. Ikidumu dakika kadhaa ndipo ikatike, inafaa kushuku mzigo mkubwa, au mota inayozunguka kwa shida, kama ile ya wipa au ya feni iliyojaa vumbi.

Fyuzi iliyoungua nayo hutoa ushahidi. Plastiki iliyotapakaa weusi ndani huashiria shoti kali, na ukanda ulioyeyuka taratibu katikati huashiria mzigo uliozidi kidogo. Kama ukanda ni mzima lakini plastiki ya miguuni imeyeyuka, tatizo ni kisanduku chenyewe: fyuzi haikazi vizuri katika nafasi yake na joto linatokea hapo.

Kisha hufuata hesabu ya wati gawanya kwa volti. Taa mbili za breki za wati 21 kila moja kwa betri ya volti 12 hutumia ampea 3.5 tu. Fyuzi ya ampea 15 ikikatika kwa taa hizo pekee, basi ni shoti, na hakuna haja ya kubishana kuhusu mzigo. Kinyume chake, taa mbili za ziada za wati 100 zilizofungwa mbele kwa ajili ya safari za usiku hutumia karibu ampea 17. Zikiunganishwa kwenye waya wa taa za kawaida, fyuzi hiyo italemewa hata kama hakuna waya uliochubuka.

Shoti inaweza kutafutwa bila kupoteza fyuzi nyingine, kwa kutumia balbu ya wati 21 yenye nyaya mbili. Balbu zote za njia inayochunguzwa hutolewa kwanza, kisha balbu ya majaribio huunganishwa mahali pa fyuzi iliyokatika, na swichi husika huwashwa. Shoti ikiwepo, balbu huwaka kwa nguvu zote, lakini yenyewe hupitisha chini ya ampea 2, kwa hiyo nyaya haziungui. Hapo sehemu hukatwa moja baada ya nyingine: plagi ya tela, taa ya kushoto, taa ya kulia, kiungo cha nyuma ya kabini. Balbu ikizimika, kosa liko katika sehemu iliyotoka kuachanishwa. Ikiwa shoti ni ya kuja na kwenda, mtu mmoja hutikisa nyaya na mwingine huitazama balbu.

Mita ya umeme pia hutumika, betri ikiwa imeachanishwa. Hapa mafundi wapya hupotea kwa urahisi, maana balbu nzima ikiwa baridi inaweza kuonyesha chini ya omu moja na kudhaniwa kuwa ni shoti. Ndiyo sababu ya kutoa balbu kwanza.

Kuweka fyuzi kubwa au waya

Dereva aliyekwama hushawishika kuweka fyuzi ya ampea 30 mahali pa 15, au kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Taa huwaka na safari huendelea. Lakini shoti haijaondoka, na sasa kitu kitakachoyeyuka kwanza ni waya wenyewe, katika gari lenye tangi la mafuta na pengine watu walioketi juu ya mizigo. Wakati huohuo, kuendesha usiku bila taa za nyuma ni hatari na ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Ikiwa usiku umeingia na fyuzi za akiba zimekwisha, fyuzi ya redio yenye kiwango sawa au kidogo zaidi inaweza kuazimwa. Ikikatika nayo, gari lilale hapo.

Matengenezo

Waya uliochubuka hukatwa, huungwa upya kwa kulehemu au kwa kiungo cha kubana, kisha hufunikwa. Tepu nyeusi pekee haidumu chini ya gari kwa sababu vumbi na joto huiachanisha. Mpira wa kufunika nyaya hufaa zaidi. Waya hurudishwa kwenye vibano mbali na kingo za bati, na kila tundu unalopitia huwekewa mpira. Taa za ziada hupewa waya wao kutoka kwenye betri, wenye rilei na fyuzi yake iliyofungwa karibu na betri, kwani kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote.