Mikono Kama Pembe: Mwimbaji wa Kiturkana na Sanaa ya Misri ya Kale

Baadhi ya wataalamu wamevitazama vinyago vya Misri vya yapata 3500 K.K., vya wanawake walioinua mikono mfano wa pembe, wakaona humo ngoma za wafugaji wa leo. Ni kweli kwamba kutoka Lodwar hadi Kakuma, Mturkana amwimbiapo maksai wake huinua mikono vivyo hivyo. Lakini, na hili sharti lisemwe wazi, mkao wa mikono si ushahidi wa nasaba. Mturkana huitwa kwa jina la maksai huyo, na wimbo ni mali yake. Kinyago hakituambii mwimbaji ni nani, wala kama anaimba. Wamisri wa baadaye waliliziba pengo hilo: katika kaburi la Neferhotep huko Thebes, la zama za Horemheb, maneno ya nyimbo yaliandikwa pamoja na picha za wapiga vinubi. Ulinganisho wa kifasihi ungeanzia hapo.