Suwarora wa Usui na Radhi ya Wageni

Ardhi ya Nyarubungo, katika wilaya ya Biharamulo, imo ndani ya nchi iliyoitwa Usui na wasafiri wa karne ya kumi na tisa, na Suwarora, mukama aliyeitawala zama hizo, amebakia vitabuni kwa jina baya kwa sababu kubwa moja: hakujali kumpendeza mgeni ambaye, kwa nasibu yake, alikuwa na kalamu.

Mgeni huyo ni John Hanning Speke, Mwingereza mtafutaji wa chimbuko la mto Naili, ambaye mwaka 1861 alifika Usui pamoja na James Grant, na wapagazi wao, na Sidi Mubarak Bombay, yule Myao aliyekombolewa utumwani. Suwarora alituma maofisa wake wadai hongo, ushuru wa njia ambao kila msafara ulijua kuwa ni haki ya mwenye nchi. Vitambaa, shanga na masango ya shaba vikahesabiwa siku baada ya siku, huku wezi wakiinyemelea kambi usiku, na mukama mwenyewe asitoke kuonana na Mzungu. Speke akaondoka na ghadhabu.

Novemba mwaka huo huo akafika Karagwe, na huko mukama wake, Rumanyika, akampokea kwa bashasha, asimtoze kitu, akamkirimu maridhawa. Na kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kikajaa sifa za mwenyeji huyo.

Sisemi kwamba ukarimu ni dhambi, wala sitetei wizi wa usiku, kwani wapagazi maskini nao waliumizwa. Lakini tukumbuke kwamba Rumanyika alikuwa na haja zake: kiti chake alikuwa amekipata kwa msaada wa wafanyabiashara wa pwani na majeshi ya Buganda dhidi ya nduguye Rogero, na mtu aliyesimama kwa mkono wa wageni ana sababu nyingi za kutaka radhi yao. Suwarora hakuwa na deni hilo. Alishika desturi ya nchi yake mbele ya mwenye bunduki kama alivyoishika mbele ya mfanyabiashara wa Unyanyembe, akalipa gharama ya kuchukiwa na msomaji wa London asiyemjua. Wala kupendwa na wasafiri hakukuwa kinga: Rumanyika alipofariki, nyumba ya kifalme ya Karagwe iliingia katika fitina za urithi zilizoidhoofisha nchi.

Nasi hata leo twarithi hukumu ya Speke bila kuichunguza, tukimwita mwema aliyeridhisha na mbaya aliyekataa, na hulka hiyo huingia hadi katika malezi, mtoto akasifiwa kwa kukubali kila aombwalo. Enyi walimu wa Biharamulo na Ngara, msomesheni mwanafunzi majina yote mawili, Rumanyika na Suwarora, na kabla ya yote mwambieni ni nani aliyeandika sifa zile na lawama zile, na alikuwa akitaka nini njiani.