Dawa ya Moto ni Moto

Wazee wetu walisema dawa ya moto ni moto. Wiki hii nataka tutazame jinsi madaktari walivyojaribu kuwasha moto wa virusi ili uzime moto wa saratani, na kwa nini moto huo peke yake haukutosha.

Mwaka 1904 daktari Mmarekani, George Dock, aliandika habari za mama mmoja mwenye saratani ya damu aliyepata nafuu baada ya kuugua mafua makali. Nafuu hiyo ilikuwa ya muda tu, lakini swali likabaki: je, ugonjwa mmoja waweza kuula mwingine?

Sehemu ya jibu ilipitia kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1937, katika wilaya ya West Nile nchini Uganda, wataalamu waligundua kirusi kilichopewa jina la wilaya hiyo. Mapema miaka ya 1950, huko New York, Chester Southam na Alice Moore waliwadunga wagonjwa mahututi wa saratani kirusi hicho, cha aina iliyotoka Misri. Uvimbe wa wachache ulinywea kwa muda. Wengine wakapata maradhi ya ubongo. Mwaka 1971 madaktari waliokuwa Uganda walitangaza habari za mtoto ambaye uvimbe wake wa saratani ya Burkitt uliyeyuka alipougua surua.

Basi kasoro ilikuwa wapi? Mara nyingi mwili wenyewe hukiua kirusi kabla hakijamaliza kazi. Hapo ndipo dawa kali za saratani zilipoitwa zisaidie. Dawa huzizuia seli za saratani kuzaana, kirusi huzipasua kutoka ndani. Mwaka 2005 China iliidhinisha kirusi H101, jamaa wa virusi vya mafua, kitumike pamoja na dawa hizo. Katika majaribio ya saratani ya kichwa, shingo na umio, uvimbe ulipungua kwa wagonjwa 79 hivi katika kila 100 waliopata vyote viwili, dhidi ya 40 hivi waliopata dawa peke yake.

Lakini H101 hudungwa ndani ya uvimbe wenyewe. Saratani ya tumbo iliyokwisha kusambaa hadi kwenye ini na utando wa tumbo haina mahali pamoja pa kuchoma sindano. Ndiyo maana dawa inayopita katika damu bado inahitajika, na ndiyo maana kwa saratani hiyo kirusi kingali katika majaribio.

Kwa hiyo, anayemwambia mgonjwa aache dripu ya hospitali angojee kirusi cha ajabu, anamdanganya. Miaka mia moja na zaidi imetufundisha kwamba kirusi ni msaidizi wa dawa. Hakijawa mrithi wake. Kidole kimoja hakivunji chawa.