Meza Isiyo Meza: Kutafuta Istilahi ya Chombo Kilichoizaa Leza

Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 2005 huko Chang'ombe katika majengo ya kilichokuwa chuo cha ualimu, huandaa walimu wa sayansi wa shule za sekondari. Mwalimu wa fizikia atokaye hapo akitaka kueleza leza kwa Kiswahili, neno analo. Lakini akirudi nyuma katika historia, akataka kukieleza chombo kilichoizaa leza, atakwama. Kwa Kiingereza chombo hicho huitwa "maser". Tukilitohoa neno hilo kwa kanuni ile ile iliyotupa leza, tutapata "meza", neno ambalo Kiswahili kilikwisha kulipokea zamani kutoka kwa Wareno. Katika makala haya tunakusudia kuitazama historia ya chombo hicho, tuone kama yaweza kutuongoza kwenye istilahi ifaayo.

Msingi wake uliwekwa na Albert Einstein miaka ya 1916 na 1917. Alionyesha kwamba molekuli iliyo katika hali ya juu ya nishati, ikipitiwa na wimbi lenye kadiri inayoilingana, huchochewa kutoa wimbi la pili linalofanana na lile la kwanza. Ni kama katika ngoma: mwimbishaji huanza, na waitikiaji hupokea kwa sauti ile ile na mapigo yale yale. Ila kwa kawaida molekuli nyingi zaidi huwa katika hali ya chini, nazo hulimeza wimbi badala ya kulikuza.

Mwaka 1951 Charles Townes wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alibuni njia ya kuzitenga molekuli hizo. Mwaka 1954, pamoja na James Gordon na Herbert Zeiger, alifaulu. Walipitisha gesi ya amonia katika uga wa umeme. Molekuli za hali ya chini zikatupwa kando, na za hali ya juu zikaingia katika kisanduku cha metali. Humo zilikuza mawimbi mikro, yaani mawimbi mafupi sana ya redio, yenye urefu wa sentimita 1.25 hivi. Nikolai Basov na Aleksandr Prokhorov wa Moscow walikuwa wamelifikia wazo hilo kwa njia yao, na wote watatu, Townes, Basov na Prokhorov, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1964.

Sifa kuu ya chombo hiki ni kukuza wimbi hafifu bila kuliongezea kelele nyingi. Kwa kikuzaji cha aina hiyo, chenye kito cha yakuti kilichopozwa kwa heli kiowevu, Arno Penzias na Robert Wilson waligundua huko New Jersey, mwaka 1964, masalio ya mnururisho wa mwanzo wa ulimwengu. Aidha, aina itumiayo hidrojeni, iliyoundwa mwaka 1960, ni saa sahihi mno. Hapa Afrika, kituo cha Hartebeesthoek, Afrika Kusini, huitumia ili kuoanisha darubini yake ya redio na nyingine zilizo mbali.

Sasa turudi kwenye jina. "Meza" haifai: mwanafunzi atafikiri samani, au atadhani chombo humeza mawimbi, hali kazi yake ni kinyume chake. "Maza" nayo, kwa vijana wa mjini, ni mama. "Kikuza mawimbi mikro" ni wazi, lakini hujumuisha vikuzaji vingine vingi visivyotumia uchocheaji huo.

Historia yatupa njia. Mwaka 1958 Townes na Arthur Schawlow walipoeleza chombo cha mwanga, walikiita "maser" ya mwanga. Mtoto aliitwa kwa jina la mama. Jina la leza lilishinda baadaye. Kwetu mtoto ndiye aliyetangulia kufika. Kwa hiyo twapendekeza "leza mikro". Wengine watasema kwamba hapo tumeigeuza historia. Lakini Waswahili hatuoni ajabu mama kuitwa kwa jina la mwanawe: Mama Juma hakuzaliwa baada ya Juma.

Tunawaomba walimu walijaribu neno hili darasani kabla halijapelekwa kusanifiwa, kwani istilahi isiyoeleweka na mwanafunzi haina kazi, hata ikiandikwa katika kamusi.