Seti inayohesabika

Seti inayohesabika, katika hisabati, ni seti ambayo memba wake wanaweza kupangwa kwenye orodha: wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea, bila kumwacha hata mmoja. Orodha inaweza kuwa na mwisho au isiwe nao.

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "nyota zisizohesabika" tukimaanisha nyingi mno. Katika hisabati neno hili halina maana hiyo, na hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Namba asilia (1, 2, 3, ...) hazina mwisho, lakini zinahesabika.

Msingi wake ni kuoanisha. Magari yalipokuwa yakivuka kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi, mkoani Mwanza, kama kila gari lilikuwa na tiketi yake moja na hakuna tiketi iliyobaki, idadi ya magari ililingana na ya tiketi, hata kama hakuna aliyehesabu. Kwa njia hiyohiyo namba shufwa zinalingana na namba asilia zote: 1 huoana na 2, 2 na 4, 3 na 6. Sehemu inalingana na kizima! Kwa seti zenye mwisho jambo hili haliwezekani.

Namba kamili hupangwa hivi: 0, 1, −1, 2, −2, ... Ukianza na chanya zote, hutafika kwenye hasi kamwe. Namba wiano chanya hupangwa kwa kujumlisha kiasi na asili, jumla ndogo ikitangulia, na zinazojirudia zikirukwa: 1/1, 1/2, 2/1, 1/3, 3/1, 1/4, ...

Namba halisi hazihesabiki. Georg Cantor (1845–1918) alithibitisha hivyo mwaka 1874, na mwaka 1891 akatoa njia rahisi zaidi. Tuseme mtu ameleta orodha ya desimali zote kati ya 0 na 1. Tunaunda desimali mpya: tarakimu ya kwanza ya namba ya kwanza ikiwa 5 tunaandika 4, isipokuwa 5 tunaandika 5, kisha tarakimu ya pili ya namba ya pili, na kuendelea. Namba hiyo inatofautiana na kila namba iliyoorodheshwa, kwa hiyo orodha haikukamilika. Kuiongeza hakusaidii, maana hoja inaanza upya.

Ndiyo maana nukta za mita moja ya Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Kigongo mwaka 2025, ni nyingi kuliko namba asilia zote. Tena zinalingana na nukta za daraja zima la takriban kilomita 3: umbali x huoana na 3000x.